KIOO CHA SKUTA NI CHOMBO CHA KAZI, SI PAMBO



Mambo mengi yanayoletwa mbele ya Chama ni ya mshahara, saa za kazi na likizo. Hayo ndiyo mambo makubwa, na hatutayaacha. Lakini katika toleo hili twataka kusema juu ya jambo ambalo wengine watalicheka kwa udogo wake, yaani kile kioo cha kuzuia upepo kinachofungwa mbele ya skuta. Twalisema kwa sababu wako memba wanaopeleka barua, chakula, madawa na vifurushi, nao hukaa juu ya skuta tangu asubuhi mpaka usiku. Kioo hicho chaweza kumsaidia mtu kufika nyumbani mzima. Chaweza pia kuwa ndicho kilichomwangusha.

Neno letu ni fupi. Kioo kichaguliwe kwa kipimo cha mtu atakayekaa nyuma yake. Kifungwe na fundi, naye dereva mwenyewe akiwapo. Na gharama yake iwe juu ya mwenye skuta. Pasipo mambo haya matatu, afadhali skuta ikose kioo kuliko kuwa na kioo kibaya.

KAZI YA KIOO

Skuta tangu mwanzo ilitengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda kazini na nguo zake za kawaida. Vespa iliyotoka mwaka 1946 katika mji wa Pontedera, Italia, ilibuniwa na Corradino D'Ascanio, ambaye alikuwa mhandisi wa ndege. Aliifunika injini, akaweka na bamba la chuma mbele ya miguu ili matope na mafuta yasimharibu mpandaji. Lambretta ya Milan iliyofuata mwaka 1947 ilikwenda katika njia hiyo hiyo. Basi kinga haikuongezwa baadaye kama anasa. Ilikuwa ndiyo sababu ya skuta kuwa skuta. Kioo cha upepo kinaendeleza kazi ya lile bamba, kutoka magotini kwenda juu.

Mtu anayekwenda kilomita 50 kwa saa katika hewa iliyotulia hupigwa kifuani na upepo wa kilomita 50 kwa saa. Nguvu ya upepo haiongezeki sawasawa na mwendo. Mwendo ukiwa mara mbili, nguvu huwa mara nne. Kwa hiyo anayetoka kilomita 30 akafika 60 hasukumwi mara mbili bali mara nne. Akifanya hivyo saa nane au kumi kwa siku, shingo na mabega huchoka, na mtu aliyechoka huchelewa kushika breki.

Halafu kuna baridi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na Limuru zaidi ya mita 2,000. Asubuhi ya mwezi wa Julai huko juu vidole hufa ganzi, na mkono uliokufa ganzi haupimi breki vizuri. Kuna mvua za masika toka Machi mpaka Mei, na za vuli toka Oktoba mpaka Desemba. Kuna mawe madogo yanayorushwa na magurudumu ya malori. Barabara ya juu ya Nairobi Expressway, iliyofunguliwa mwaka 2022, hairuhusu pikipiki wala skuta, basi kazi yetu iko chini, katika moshi na vumbi, ubavuni mwa malori. Na ndugu zetu wa Kisumu wanajua wale wadudu wa ziwani wanaotoka kama wingu jioni na kumwingia mtu machoni na mdomoni.

Hizo ndizo sababu za kutaka kioo. Lakini hatusemi kila skuta ni lazima iwe nacho. Memba wa Mombasa anayekwenda safari fupi kati ya Kisiwani na Nyali ana shida nyingine, nayo ni joto. Upepo ule ule unaomwumiza mtu wa Limuru ndio unaompoza mtu wa Pwani. Kwake yeye kioo kifupi kinachokinga kifua tu chatosha, au asiwe nacho kabisa. Tajiri anayenunua vioo vya aina moja kwa Mombasa, Nairobi na Eldoret ameangalia bei ya jumla, hakuwaangalia watu.

Tena tuseme wazi kwamba kioo si badala ya helmeti. Sheria ya barabara iliyorekebishwa mwaka 2012 yamtaka mwendeshaji na abiria wake wavae helmeti na koti lenye vitambaa vya kung'aa. Kioo cha upepo hakimlindi mtu anapoanguka. Tajiri akisema, "Chagueni, helmeti nzuri au kioo," jibu letu ni kwamba helmeti haimo katika mazungumzo hayo. Helmeti kwanza, na kioo baadaye.

KIPIMO NI CHA MTU, SI CHA SKUTA

Hapa ndipo makosa mengi yanapofanyika. Mtu huingia dukani na kuuliza, "Mna kioo cha skuta ya aina fulani?" Huletewa, hulipa, huenda zake. Hakuna aliyemwuliza urefu wake.

Kioo cha upepo cha skuta hakina mpira wa kupangusa maji kama motokaa. Mvua ikinyesha, au usiku taa za magari zikipiga juu ya mikwaruzo, kioo huwa cheupe na mtu haoni kitu. Kwa sababu hiyo kanuni ya kwanza ni kuwa macho yatazame barabara JUU ya kioo, wala si KUPITIA katika kioo. Ncha ya juu ya kioo ifike karibu na pua au mdomo wa dereva akiwa amekaa kwa mkao wake wa kazi. Upepo ukipiga kioo hupanda, ukaruka ncha na kupita juu ya helmeti. Kwa hiyo kioo hakina haja ya kumfunika mtu mpaka utosini ili kimkinge.

Kikiwa kirefu mno, macho yamefungiwa nyuma ya plastiki. Kikiwa kifupi kupita kiasi, ule upepo unaoruka ncha humpiga mtu katika helmeti yenyewe, ikawa kichwa chatikiswa na masikio yavuma kutwa nzima. Memba wengine wameona hivyo wakadhani vioo vyote ni vibaya, kumbe kilichokosekana ni sentimita chache tu.

Njia ya kupima haihitaji fedha. Simamisha skuta mahali tambarare, uikalie na viatu vyako na helmeti yako, mgongo ukiwa kama unavyokuwa saa kumi jioni, si kama unavyokuwa saa mbili asubuhi. Mwenzako ashike kipande cha katoni mbele ya usukani, mahali kioo kitakapokaa, akikishusha na kukipandisha. Wewe tazama barabara mbele yako. Katoni ikifika usawa wa pua, na barabara ungali waiona vizuri juu yake, weka alama. Pima kwa futi kutoka usukani hadi alama, na hicho ndicho kipimo cha kwenda nacho dukani. Kazi hii hufanywa skuta ikiwa imesimama tu. Mtu asijaribu kwenda barabarani na katoni.

Sasa fikirini skuta moja inayotumiwa na watu wawili kwa zamu, mmoja mrefu na mwingine mfupi. Kioo kinachomfaa wa kwanza kitamziba wa pili. Hapo kioo kiwe cha kipimo cha yule mfupi, au kiwe cha aina inayopandishwa na kushushwa. Kumwambia mfupi "utazoea" si jibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

PLASTIKI IKO NAMNA NAMNA

Twaita kioo, lakini si kioo cha dirisha. Ni plastiki, na zile zinazopatikana sana ni mbili.

Ya kwanza ni akriliki. Hii ni angavu na bei yake ni nafuu, nayo haikwaruziki upesi kama ile ya pili isiyopakwa dawa. Ubaya wake ni kwamba ikipigwa na jiwe au skuta ikianguka huvunjika vipande vyenye ncha kali, navyo viko mbele ya koo la mtu.

Ya pili ni polikabonati. Hii ni ngumu kuvunjika, na ikipigwa hujikunja kabla ya kupasuka. Ubaya wake ni kwamba uso wake ni laini na hukwaruzwa upesi, na jua likiipiga miaka mingi huwa ya manjano. Ndiyo sababu iliyo nzuri hupakwa tabaka gumu la kuikinga na mikwaruzo na jua. Kwa kazi ya kutwa katika barabara za malori, sisi twasema polikabonati iliyopakwa, ijapokuwa bei yake ni kubwa zaidi.

Kabla ya kulipa, fanya majaribio manne.

Kwanza, shika kioo mbele ya macho na utazame mstari ulionyoka, kama mhimili wa mlango au nguzo ya stima, huku ukikisogeza juu na chini. Mstari ukijipinda au kucheza kama nyoka, kirudishe. Ingawa macho yatapita juu yake, sehemu ya chini ya barabara na mashimo utaiona kupitia humo.

Pili, pitisha kidole polepole katika ncha zote. Ziwe nene na za mviringo. Ncha kali kama kisu ni hatari.

Tatu, tazama kando ya matundu ya bolti. Ukiona nyufa nyembamba kama nywele, kioo hicho kimekwisha kabla hujakifunga.

Nne, uliza vyuma vyake vya kufungia, uvione vyote, na nati na raba zake. Kioo kizuri kilichofungwa kwa waya na vipande vya bati ni kioo kibaya.

Usichukue kioo chenye rangi nyeusi ikiwa wafanya kazi usiku. Na tajiri asibandike tangazo lake juu ya kioo. Mahali pa jina la kampuni ni juu ya sanduku la nyuma. Kioo si ubao wa matangazo.

KUFUNGA

Skuta zinafunga kioo kwa namna mbili. Nyingine hukifunga katika mwili wa skuta, chini ya taa, na nyingine hukifunga katika usukani, mara nyingi pale panapoingia vijiti vya vioo vya kutazamia nyuma. Kile cha mwilini hakizunguki na usukani, na upepo unaokipiga hausukumi mikono. Kile cha usukani kinazunguka nao, na kila dharuba ya upepo huingia mikononi mwa dereva. Ikiwa skuta yako ina mahali pa kufunga mwilini, chagua hapo.

Kwa wale wanaofunga katika usukani, mambo ya kuangalia ni haya:

(a) Bolti za vioo vya kutazamia nyuma ni za milimita 8 katika skuta nyingine na milimita 10 katika nyingine. Hazibadilishani. Na katika baadhi ya Yamaha, kioo cha kulia hufunguliwa kwa kuzungushwa kinyume. Fundi asiyejua hutia nguvu mpaka akavunja.

(b) Kila mahali chuma kinapogusa plastiki pawekwe raba pande zote mbili. Tundu katika plastiki liwe pana kidogo kuliko bolti, kwa sababu plastiki hutanuka kwa joto kuliko chuma. Tundu likibana, jua la adhuhuri litaanzisha ufa.

(c) Funga bolti zote kwa mkono kwanza, kisha kaza kidogo kidogo, moja upande huu na moja upande huu. Kaza mpaka raba ianze kubonyea, basi. Tumia nati zenye nailoni ndani. Usitumie gundi ya kukazia nati, maana nyingine hula plastiki na kuipasua.

(d) Zungusha usukani mpaka mwisho kushoto, kisha mpaka mwisho kulia. Kioo kisiguse mkono wa breki, wala waya, wala kifua chako. Hapo hapo, kila upande, tia akseleta na uiachilie. Ni lazima irudi yenyewe mara moja. Ikisita, kuna waya uliobanwa, na skuta hiyo isitoke mahali ilipo.

(e) Safari ya kwanza iwe bila mzigo, mahali pasipo magari mengi, kwa mwendo wa polepole kwanza. Usukani ukianza kutikisika, punguza mwendo taratibu bila kushika breki kwa nguvu, urudi kwa fundi. Baada ya kilomita 100 hivi kagua nati zote tena.

Katika hilo la mwisho kuna jambo ambalo wakuu wa maofisi hawalijui, kwa kuwa hawapandi skuta zao. Memba wetu hubeba sanduku kubwa nyuma. Sanduku lililojaa hulemea gurudumu la nyuma na kulifanya lile la mbele kuwa jepesi. Ukifunga kioo kipana katika usukani wa skuta ile ile, umeongeza tanga juu ya gurudumu lililo jepesi tayari. Mtu apitapo katika uwanda wa Athi River, lori kubwa likampita, kwanza hukingwa na upepo, kisha ghafula upepo humrudia ubavuni, ukapiga kioo mbele na sanduku nyuma. Kwa hiyo kioo na sanduku vipimwe pamoja. Sanduku likiwa kubwa, kioo kiwe chembamba. Vitu vizito viwekwe chini katika sanduku, na karibu na kiti. Anayekataa kupeleka skuta inayoyumba si mvivu. Anaona kile ambacho daftari la ofisi halionyeshi.

KUTUNZA

Kioo cha plastiki huharibiwa zaidi na kitambaa kuliko na jiwe. Usifute vumbi kavu. Mwaga maji kwanza, vumbi lilainike na kutoka, kisha osha kwa sabuni laini na kitambaa cha pamba kilicho safi. Usitumie petroli, mafuta ya taa, wala dawa ya kusafishia madirisha yenye amonia, kwa sababu vitu hivi huifanya plastiki kuwa na ukungu na nyufa. Mafuta ya breki yakidondokea kioo, yaoshe hapo hapo.

Kioo kikiwa na mikwaruzo mpaka taa za mbele zatawanyika usiku, kimekwisha kazi yake. Kikionyesha ufa karibu na bolti, kibadilishwe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini ufa wa plastiki hauzibwi kwa selotepu.

NANI ALIPE

Sasa twafika penye mzizi wa maneno. Wako matajiri wanaofunga vioo bila kumwuliza mtu, kisha mwisho wa mwezi mfanyi kazi akaona mshahara umepungua. Akiuliza aambiwa, "Ni kioo, umewekewa kwa faida yako." Kioo kikipasuka, hukatwa mara ya pili. Bandu bandu huisha gogo.

Twawakumbusha memba wetu maneno ya sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, imehesabu makato ambayo mwajiri anaruhusiwa kufanya. Juu ya mali yake iliyoharibika au kupotea, yaruhusu akate kiasi cha haki pale ambapo uharibifu ulitokana na kosa la makusudi la mfanyi kazi. Jiwe lililorushwa na lori si kosa la makusudi. Plastiki iliyopasuka kwa sababu fundi wa tajiri alikaza mno si kosa la makusudi. Memba akikatwa kwa mambo ya namna hiyo, asitie sahihi kartasi yoyote ya kukubali. Alete hati ya mshahara ofisini kwa Chama.

Kadhalika, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka huo huo 2007 yamtaka mwajiri awape wafanyi kazi wanaoloa maji kazini nguo na vyombo vya kinga vinavyofaa, na avitunze. Sheria hiyo haikutaja kioo cha skuta kwa jina, nasi hatusemi imetaja. Twasema hivi: mtu anayetumwa na tajiri wake kwenda katika mvua, juu ya skuta ya tajiri, kupeleka mali ya tajiri, yuko kazini sawasawa na yule aliye mbele ya mashine kiwandani. Kinga ya mwenye mashine hailipwi na mfanyi kazi. Kwa nini ya mwenye skuta ilipwe naye?

Matajiri wana hoja zao, na si haki kuzificha. Wanasema vioo vinavunjwa ovyo. Pengine wako wasioangalia, nasi hatuwatetei. Lakini kioo kilicho cha kipimo, chenye raba zake, kinachooshwa kwa maji badala ya kusuguliwa kikavu, hudumu. Wanasema pia kwamba kioo kikubwa hupunguza mwendo na kula petroli, au kumaliza betri upesi katika skuta za umeme. Ni kweli kioo kipana na kirefu huongeza mzigo wa upepo. Hiyo ni sababu ya kuchagua kioo cha kadiri. Haiwi sababu ya kumwacha mtu katika baridi.

Twajua pia kwamba memba wengi leo hawapandi skuta ya tajiri. Wanapanda zao wenyewe, nyingi za mkopo, na kampuni inayowapa kazi kwa simu husema hao si wafanyi kazi wake bali ni wafanya biashara. Kesi hiyo Chama hakijaiacha. Lakini mvua haitangoja kesi imalizike. Kwa ndugu hao twashauri wasinunue mmoja mmoja. Watu kumi wa kituo kimoja wapimane kwa katoni, waandike vipimo vyao, waende pamoja kwa mwuzaji na fundi mmoja. Atakayewauzia kumi atasikiliza maneno ya raba na nati. Atakayemwuzia mmoja atamwambia achukue kilichopo.

TUNAYOTAKA

Kwa hiyo Chama chatoa maneno haya kwa kila mahali pa kazi penye skuta:

1. Kioo kisinunuliwe mpaka madereva wenyewe wapimwe, na vioo viwe vya vipimo visivyopungua vitatu.

2. Kioo na vyuma vyake vilipwe na mwenye skuta, bila kumkata mtu mshahara.

3. Kioo kifungwe na fundi, dereva akiwapo, na skuta isitoke kabla usukani na akseleta kujaribiwa pande zote mbili.

4. Kioo chenye ufa au mikwaruzo ya kutawanya taa kibadilishwe dereva anapotoa habari, bila kungoja ajali.

5. Dereva anayesema kioo kinamziba au kinatikisa usukani asikilizwe, wala asiadhibiwe kwa kukataa kwenda mpaka kitengenezwe.

Mahali penye wafanyi kazi 20 au zaidi, sheria ile ya usalama ya 2007 yataka pawe na kamati ya usalama yenye wajumbe wa wafanyi kazi. Jambo hili lipelekwe huko, liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na jibu la tajiri liandikwe pia. Neno lisemwalo mlangoni husahauliwa. Lililoandikwa huulizwa tena.

Ndugu, hatuombi pambo. Twaomba mtu aone njia, mikono yake iwe na uhai wa kushika breki, na mwisho wa siku asiwe mgonjwa wa kifua. Wajumbe wa kila kituo wakague skuta zote kabla ya mkutano ujao wa tawi, na waje na orodha: skuta ngapi zina kioo, ngapi zina kioo kinachomziba dereva, na ni watu wangapi waliokatwa mshahara kwa ajili yake. Orodha hiyo ndiyo itakayokwenda mezani kwa matajiri.

Umoja ni nguvu.